Nguzo Zilizoshikana

Ndugu zetu Waislamu, leo twamkumbuka mhandisi Fazlur Rahman Khan, mzaliwa wa Dhaka, aliyekwenda Marekani mwaka 1952 kutafuta elimu, hatimaye akawa mbia katika kampuni kubwa ya usanifu wa majengo mjini Chicago. Katika jumba lake la Sears, lenye ghorofa 110, nguzo za nje zilisogezwa karibu, zikafungwa pamoja, zikaukabili upepo kama kitu kimoja.

Naye hakujitenga. Mwaka 1971, vita vilipowakumba watu wa kwao, aliwakusanyia michango. Kisha akashiriki kubuni mahema yanayowatia kivuli mahujaji katika uwanja wa ndege wa Jeddah.

Basi sisi tuliojaaliwa elimu na mali, tumesimama karibu na nani? Mwenyezi Mungu atushikamanishe. Amin.