MAANA YA NENO MADARAKA
(Maneno ya hotuba iliyotolewa Mosocho, Kisii)



Nimeombwa nieleze neno zito la Kiingereza, "autonomy". Asili yake ni Kiyunani: autos, maana yake "mwenyewe", na nomos, yaani "sheria". Basi mji wenye sifa hiyo ni mji unaoishi kwa sheria uliyojitungia wenyewe.

Lakini tusidhani kuwa Wayunani walilitumia kwa mji usio na mkubwa wa kuuogopa. Walilitumia hasa pale mkubwa alipokuwa karibu. Yapata mwaka 386 kabla ya Kristo, Artaxerxes, mfalme wa Uajemi, alitangaza kuwa miji ya Wayunani iliyoko Asia ni yake, na mingine karibu yote ijitawale. Tazameni ajabu hiyo: kujitawala kwa amri ya mgeni!

Katika Kiswahili tunayo maneno mawili ambayo watu huyachanganya sana, uhuru na madaraka. Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata madaraka. Bwana Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu, na mambo ya ndani yakawa mikononi mwa wananchi. Lakini ulinzi na mambo ya nchi za nje yalibaki kwa Uingereza hata tarehe 12 Desemba mwaka ule ule, siku ya uhuru. Neno daraka lilitoka katika Kiarabu, nalo lina maana ya wajibu: mwenye daraka ndiye aulizwaye jambo likiharibika. Kwa maoni yangu, hapo Waswahili wamewapita Wayunani.

Nanyi watu wa Mosocho hamna haja ya kwenda Uyunani kutafuta mfano. Kisii ilikuwa miongoni mwa sehemu za kwanza za Kenya ambako Waafrika waliruhusiwa kupanda kahawa, katika miaka ya 1930. Jembe lilikuwa la mkulima, na jasho lake. Lakini idadi ya miti aliyoruhusiwa kupanda iliamuliwa na wengine. Mti alikuwa nao, sheria ya mti hakuwa nayo.

Katiba iliyotangazwa tarehe 27 Agosti 2010 ilileta jambo hili mlangoni petu kwa jina la ugatuzi. Kaunti 47, zikiwamo Kisii na Nyamira, zilianza kazi mwaka 2013. Kilimo, masoko, hospitali na barabara za kaunti ni daraka lao. Jeshi, polisi na mambo ya nje ni ya Serikali ya Taifa. Kwa hiyo dawa zikikosekana katika zahanati, msiandike barua Nairobi kwanza. Mwulizeni aliye karibu.

Hata hivyo mambo hayawi mepesi daima. Mji wa Keroka umekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, na kaunti hizo mbili zimewahi kugombania haki ya kukusanya ushuru pale. Kila moja yasema sheria ni yake. Mama auzaye ndizi sokoni ana swali fupi tu: akishalipa, ni nani atakayezoa taka?