Ukumbi Ukaguliwe Kabla ya Tangazo Kutolewa

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa kwa wasimamizi wa wadi na kamati zinazoandaa vikao vya maoni ya wananchi. Inachapishwa hapa ili kila mkazi ajue cha kutarajia anapoitwa kwenye kikao.



Kila mwaka serikali ya kaunti huwaita wananchi watoe maoni kuhusu bajeti, miswada na miradi ya maendeleo. Tangazo hutaja tarehe, saa na ukumbi. Wengi huangalia tarehe na saa tu. Mtu mwenye ulemavu huanza na ukumbi, maana ndio unaoamua kama atakwenda au atabaki nyumbani.

Chukueni mfano huu. Kikao cha bajeti ya wadi kimeitishwa katika ukumbi ulio ghorofa ya kwanza. Lifti hakuna. Mama anayetumia kiti cha magurudumu amefika mapema, akiwa amelipa nauli yake na ya msaidizi wake. Amekuja na ombi moja: mlango wa choo cha zahanati upanuliwe, kwa kuwa kiti chake hakipiti. Karani anamteremkia na daftari la mahudhurio, mama anatia sahihi, analetewa chai na mkate pale chini ya ngazi. Huko juu, zahanati inajadiliwa na kupitishwa bila mtu kugusia choo. Jioni ripoti inaandikwa kwamba watu wenye ulemavu walihudhuria. Jina la mama limo daftarini, lakini maoni yake hayamo popote, na choo kitakarabatiwa kwa mlango uleule.

Hapo hakuna aliyemfukuza mama huyo. Aliyemfungia nje ni yule aliyelipia ukumbi bila kwenda kuuona.

Sheria iko wazi. Kifungu cha 54 cha Katiba ya 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima, kufika mahali pote kwa njia ifaayo, kupata habari, na kutumia lugha ya ishara, breli au njia nyingine inayomfaa. Kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi katika kazi zake. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2003 ilidai majengo ya umma yasiwe na vizuizi, na sheria mpya ya 2025 imeendeleza haki hizo. Kenya pia iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 9 cha mkataba huo kinahusu hasa suala hili la kufikika.

Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu 900,000 wenye ulemavu nchini, yaani asilimia 2.2 ya waliohesabiwa wenye umri wa miaka 5 na zaidi. Hakuna wadi inayoweza kusema haina hata mmoja.

Basi ukumbi hukaguliwaje? Mkaguzi anahitaji futi ya kupimia, daftari, na nusu saa ya subira. Aanzie barabarani, pale matatu inaposhusha abiria, kisha afuate njia ileile atakayoifuata mgeni. Je, kuna mtaro usio na kifuniko? Kokoto au mchanga mzito unaozamisha magurudumu? Mvua ikinyesha, njia hiyo inabaki njia au inageuka tope? Na lango la magari likifungwa, kile kilango cha miguu kina kizingiti?

Mlangoni, apime. Nafasi ya kupita iwe angalau sentimita 80, na 90 ni bora zaidi. Apime mlango ukiwa wazi, kutoka ubao wa mlango hadi fremu ya upande wa pili, asipime ukuta. Kama kuna ngazi, lazima pawe na njia ya mteremko. Kipimo kinachotumika sana ni 1 kwa 12: kila sentimita 1 ya kupanda inahitaji sentimita 12 za urefu. Ngazi zenye kimo cha sentimita 60 zinahitaji mteremko wa mita 7 na sentimita 20. Ubao wa mita 2 ulioegemezwa hapo asubuhi ya kikao ni hatari kwa anayesukumwa na kwa anayesukuma.

Wapo watakaosema, "Vijana watambeba." Kubebwa mbele ya umati kunamvunjia mtu heshima ambayo Katiba inamlindia, na kunaweza kumwangusha. Viti vya umeme navyo huwa vizito mno, vingine hupita kilo 100. Ukumbi unaohitaji watu wabebwe haujapita ukaguzi.

Ndani, viti vya plastiki visijazwe hadi ukutani. Kiti cha magurudumu huhitaji takriban mita moja na nusu ili kigeuke. Nafasi za wanaotumia viti hivyo ziachwe sehemu mbalimbali, wakae na jamaa na majirani zao, wasikusanywe nyuma karibu na mlango. Jukwaa nalo likaguliwe, kwa kuwa mtu mwenye ulemavu anaweza kuwa msemaji au mwenyekiti wa kikao.

Choo ndicho kinachosahaulika zaidi, na ndicho kinachomrudisha mtu nyumbani saa nne asubuhi. Mkaguzi aingie mwenyewe. Mlango ufunguke kwa nje, pawe na nafasi ya kiti kando ya bakuli la choo, na vyuma vya kushikilia vilivyofungwa imara ukutani. Choo cha shimo cha kuchuchumaa hakimfai asiyeweza kukunja magoti. Na kama choo cha watu wenye ulemavu kimegeuzwa stoo ya mifagio, hicho si choo.

Kufika mlangoni ni nusu tu ya safari. Kiziwi anahitaji mkalimani wa Lugha ya Ishara ya Kenya, na kikao kirefu kinahitaji wakalimani wawili wanaopokezana, kwani kazi hiyo huchosha. Mkaguzi aangalie mahali mkalimani atakaposimama: mwanga umwangukie usoni na mikononi, na asiwe na dirisha lenye jua nyuma yake. Anayesikia kwa shida anahitaji kipaza sauti kinachofanya kazi na ukumbi usio na mwangwi mwingi. Asiyeona anahitaji nakala ya bajeti kwa breli, au faili ya kusikiliza kwenye simu, siku kadhaa kabla ya kikao, apate kuisoma kama wenzake. Mwenye ualbino anahitaji kivuli cha uhakika kikao kinapofanyika uwanjani, kiti cha mbele, na maandishi makubwa.

Mwisho wa ukaguzi ni swali la dharura. Moto ukizuka, lifti haitumiki. Mtu asiyeweza kushuka ngazi atatokaje? Kwa sababu hiyo, ukumbi wa chini hushinda wa ghorofani hata pale penye lifti.

Ukaguzi huu usifanywe na watu wanaotembea peke yao. Kikundi cha watu wenye ulemavu cha wadi kialikwe, wakaguzi wake wafidiwe nauli, na neno lao lipewe uzito. Mtu anayesukuma kiti kila siku huona kizingiti ambacho wengine wamekiruka miaka 10 bila kukijua. Ukaguzi ufanyike kabla ya ukumbi kulipiwa, kwani baada ya hapo kasoro zote hujibiwa kwa neno moja: "Tumeshalipa."

Ukumbi ukishindwa, mara nyingi jirani yake hufaa. Darasa la chini la shule ya msingi, au hema kwenye uwanja ulio sawa na wenye choo kinachofaa, huweza kuushinda ukumbi wa hoteli wenye mazulia. Na kama hakuna mahali palipokamilika, tangazo liseme ukweli: kuna mteremko, choo hakifai, mkalimani atakuwepo. Mwananchi aamue akijua, asidanganywe hadi langoni.

Matokeo ya kila ukaguzi yahifadhiwe katika ofisi ya wadi, ili kazi isianze upya kila mwaka, na mwenye ukumbi apewe orodha ya kasoro. Akijua kwamba kaunti haitakodi tena hadi mlango upanuliwe, atamtafuta fundi.

Wananchi nao wana wajibu. Anayeona tangazo la kikao katika ukumbi usiofikika amwarifu msimamizi wa wadi mapema. Na anayehitaji mkalimani au nakala ya breli aseme mara tu tangazo linapotoka.

Kikao kijacho cha bajeti kitakapoitishwa, mama yule afike ndani, ashike kipaza sauti, aseme habari ya mlango wa choo. Huenda ombi lake likapita, huenda likashindwa na mengine. Hayo yaamuliwe akiwa ndani.