Bajeti ya huduma za jamii: hesabu zinazofungwa kabla ya Februari

Kila ifikapo mwisho wa Februari, madiwani wa halmashauri za England hukusanyika ukumbini jioni, wakajadili makadirio ya mapato na matumizi kwa saa kadhaa, kisha wakapiga kura. Sheria inawataka wawe wamekwisha kuweka kiwango cha kodi ya halmashauri kabla ya tarehe 11 Machi, kwani mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Aprili. Nje ya ukumbi aghalabu huwapo watu waliobeba mabango: hawa wanatetea kituo cha wazee, wale usafiri wa vijana wenye ulemavu. Kwa bahati mbaya, wengi wao huwa wamechelewa kwa miezi kadhaa.

Sababu imo katika namna bajeti ya idara ya huduma za jamii inavyojengwa. Matumizi ya idara hiyo ni ya aina mbili. Kuna yale yanayolazimishwa na sheria. Sheria ya Huduma ya mwaka 2014 inaitaka halmashauri imhudumie mtu mzima ambaye mahitaji yake yamepimwa na kufikia kiwango kilichowekwa, ikizingatia uwezo wake wa kuchangia gharama, na Sheria ya Watoto ya mwaka 1989 inaibebesha jukumu la kuwalinda watoto walio hatarini. Mtoto akiondolewa nyumbani kwa usalama wake leo usiku, hakuna ofisa anayeweza kusema fedha zimekwisha, asubiri Aprili.

Kisha kuna matumizi ambayo sheria inayagusa kwa mbali: klabu ya chakula cha mchana, ruzuku ndogo kwa chama cha wahamiaji, mshauri anayekwenda nyumbani kumsaidia mzee kujaza fomu. Sheria ya 2014 inataja wajibu wa kuzuia mahitaji yasizidi, lakini haisemi wajibu huo ugharimu pauni ngapi.

Kazi yenyewe huanza wakati wa kiangazi. Ofisi ya fedha hukadiria pengo kati ya mapato na matumizi ya mwaka ujao, na wakuu wa vitengo hutakiwa kuleta mapendekezo ya kubana matumizi. Hukadiria bila kujua mambo mawili makubwa. La kwanza ni mishahara. Mnamo Oktoba 2024, kwa mfano, serikali ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa wenye umri wa miaka 21 na zaidi kingepanda kutoka pauni 11.44 hadi 12.21 kwa saa, na mchango wa bima ya taifa unaolipwa na mwajiri kutoka asilimia 13.8 hadi 15.

Nyongeza hiyo ilikuwa halali ya wahudumu, ambao miongoni mwao wamo Wakenya, Watanzania na Wakongo. Lakini msikilizaji na apige hesabu. Mzee anayetembelewa mara nne kwa siku, nusu saa kila mara, hutumia saa 730 za mhudumu kwa mwaka. Senti 77 za nyongeza kwa kila saa ni zaidi ya pauni 560 kwa mzee mmoja, na kwa wazee 1,000 ni zaidi ya pauni 560,000, kabla ya kuhesabu bima au muda wa mhudumu kutoka nyumba moja hadi nyingine.

Jambo la pili ni ruzuku ya serikali kuu, ambayo takwimu zake za awali hutoka Desemba, mara nyingi siku chache kabla ya Krismasi. Kodi nayo ina kipimo. Tangu mwaka wa fedha wa 2023/24, halmashauri nyingi zenye idara ya huduma za jamii zimeruhusiwa kuipandisha kwa chini kidogo ya asilimia 5, mbili kati ya hizo zikitengwa kwa huduma za watu wazima. Kuzidisha hapo ni mpaka wananchi wapige kura ya maoni, au serikali itoe ruhusa maalumu. Asilimia hizo haziwi sawa kila mahali: mtaa wa nyumba za thamani ndogo huvuna kidogo.

Halmashauri haiwezi kukopa ili kulipa mishahara ya wahudumu. Matumizi yakizidi mapato, mkurugenzi wa fedha hulazimika kutoa ilani chini ya kifungu cha 114 cha sheria ya mwaka 1988, na matumizi mapya yasiyo ya lazima husimama. Northamptonshire ilifikia hapo Februari 2018, na mwaka 2021 halmashauri hiyo ikavunjwa. Birmingham ilitoa ilani Septemba 2023, ingawa mzigo wake mkubwa ulitokana na madai ya malipo sawa kwa wanawake na mfumo mbovu wa kompyuta. Kodi yake ilipandishwa kwa asilimia 9.99 mwaka uliofuata.

Basi kisu hukata pale kinapopenya. Klabu ya chakula hufungwa kwa kuwa inawezekana kuifunga. Bibi aliyekuwa akienda huko mara mbili kwa wiki kuzungumza Kiswahili na wenzake hubaki ndani, mguu ukadhoofika, akaanguka, na anapotoka hospitali ni mtu mwenye mahitaji yanayolazimishwa na sheria. Gharama iliyofutwa katika safu moja huibuka katika nyingine, tena ikiwa kubwa zaidi, lakini huibuka mwaka mwingine, na bajeti ni ya mwaka mmoja. Barnet, kaskazini mwa London, ambako Wabarawa wengi wasemao Chimiini wamefanya maskani, ilichora zaidi ya miaka kumi iliyopita mchoro ulioonyesha kwamba mambo yasipobadilika, huduma za watoto na watu wazima zingekuja kumeza bajeti yote ya halmashauri katika muda wa miaka 20.

Wakati wa kusema, kwa hiyo, ni majira ya vuli, mapendekezo yangali rasimu. Mwaka 2014 Mahakama ya Juu iliamua kwamba Haringey, jirani ya Barnet, ilikosea ilipowauliza wakazi juu ya kupunguza unafuu wa kodi kwa wenye kipato kidogo bila kuwaeleza njia nyingine zilizokuwapo. Aidha, Sheria ya Usawa ya 2010 inaitaka halmashauri izingatie nani ataumia kabla haijaamua, na maofisa hutegemea sana fomu za maoni kuandika tathmini hiyo. Mzee asiyejaza fomu haonekani katika jedwali, na kufungwa kwa klabu yake kunaweza kuandikwa kuwa hakuna athari kubwa kwa watu wa lugha yake. Fomu hizo mara nyingi hupatikana katika maktaba ya mtaa, na mwana au jirani anaweza kumsaidia mzee kuijaza.