Kagera Baada ya Daraja la Rusumo

Kupima athari za wakimbizi kwa jamii inayowapokea ni kazi ya kulinganisha: hali ilikuwaje kabla hawajafika, ikawaje walipokuwapo, na kimebaki nini walipoondoka. Mkoa wa Kagera, kaskazini magharibi mwa Tanzania, ni miongoni mwa sehemu chache barani Afrika ambako hatua zote tatu zinaweza kufuatiliwa. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara kwa muda wa saa 24 hivi. Warundi nao walikuwa wameshaingia kwa wingi tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993. Haukupita muda wakimbizi wakawa wengi kuliko wenyeji wa Ngara, na kambi ya Benaco peke yake ikawa na watu wengi kuliko mji wowote wa mkoa huo, Bukoba ukiwamo.

Waliowezesha ulinganisho huo hawakuwa na habari ya wakimbizi. Kati ya 1991 na 1994, Benki ya Dunia na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walihoji kaya zaidi ya 900 za Kagera ili kujua vifo vya watu wazima, hasa vya UKIMWI, vinaziacha familia katika hali gani. Waliuliza kaya inakula nini, inalima nini, ina mifugo mingapi. Watoto wakapimwa urefu na uzito. Mahojiano yalipokuwa yanafikia mwisho, mpaka ukafurika watu. Watafiti walirudi mwaka 2004 na tena 2010, wakawatafuta watu walewale, hata wale waliohamia mikoa mingine au Uganda. Kwa kuwa kambi zilikuwa upande wa magharibi, karibu na mpaka, vijiji vya huko viliweza kulinganishwa na vya mashariki vilivyokuwa mbali na wakimbizi. Penye upungufu wa kumbukumbu za namna hii, tathmini huwa ya yule anayepaza sauti zaidi, na mara nyingi huyo si maskini wa kijijini.

Badiliko la kwanza kuonekana lilikuwa la sokoni. Mgao wa kambini ulikuwa mahindi, maharage na mafuta ya kula, ilhali wengi wa wale waliopanga foleni ya mgao walizoea ndizi na viazi vya kwao milimani. Wakapeleka sehemu ya mahindi yao kwenye magulio, wakabadilishana kwa ndizi, mihogo, kuni au pombe ya ndizi. Wachumi Jennifer Alix-Garcia na David Saah, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, walionyesha kwamba bei za vyakula visivyokuwamo kwenye mgao zilipanda sana, na za vile vilivyokuwamo zikapanda kwa kiasi kidogo zaidi. Mkulima mwenye kibanja kizuri cha migomba aliuza mkungu kwa bei asiyowahi kuiota, na hali ya kaya za vijijini karibu na kambi ikaboreka. Kwa watu wa mjini mambo yalikwenda kinyume: chakula chote wananunua, na mshahara ni uleule.

Aliyeumia kuliko wote ni kibarua. Katika vijiji hivyo wapo watu wasio na shamba la kutosha, wajane na vijana wengi miongoni mwao, ambao huishi kwa kupalilia na kuvunia wengine. Wakimbizi walikuwa tayari kufanya kazi hiyohiyo kwa malipo madogo, pengine kwa chakula tu, maana mgao uliwashikilia. Ujira ukashuka wakati uleule ndizi zinapanda bei. Jean-François Maystadt na Philip Verwimp, wakitumia takwimu za kaya hizo za Kagera, walikuta kwamba wakulima waliojiajiri walifaidika, ilhali vibarua wa mashambani waliathirika zaidi. Jirani wawili wa kijiji kimoja, mmoja anaajiri na mwenzake anaajiriwa, walipita katika miaka hiyo kwa njia zilizoachana kabisa. Wastani wa mkoa hauwezi kumwona hata mmoja wao, na taarifa inayoishia kwenye wastani inamdhulumu yule wa pili.

Watoto nao wana hesabu yao, nayo ni nzito. Maradhi ya kuambukiza yaliongezeka, na zahanati zilizojengwa kwa ajili ya vijiji vichache zikazidiwa. Baadhi ya wauguzi na walimu wa serikali waliacha vituo vyao wakaenda kufanya kazi kwenye mashirika ya misaada, ambako mshahara ulikuwa mkubwa mara kadhaa. Mchumi Javier Baez, katika utafiti wa mwaka 2011, alikadiria kwamba wenyeji waliokumbwa na ujio huo wakiwa wadogo walikua wakawa wafupi kwa takriban sentimita 1.8, na masomo yao yakapungua kidogo. Urefu uliopotea utotoni haurudi, hata barabara ya lami ipite mlangoni.

Misitu ililiwa kwa kasi. Kila jiko la mafiga matatu lilihitaji kuni asubuhi na jioni, na kadiri miti ilivyokwisha kando ya kambi ndivyo wanawake, wenyeji na wageni, walivyolazimika kutembea mbali zaidi. Wanyama wa pori la akiba la Burigi waliwindwa hadi wakapungua sana.

Mwezi Desemba 1996 serikali na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi zilitangaza kwamba Wanyarwanda warudi kwao kabla ya mwisho wa mwaka, na kambi zao zikafungwa. Wengi walitarajia neema iondoke pamoja na wateja. Hata hivyo, Maystadt na Gilles Duranton walikuta kwamba miaka mingi baadaye kaya zilizokuwa karibu na kambi ziliendelea kuwa na hali bora, na sababu kubwa ni barabara: zile zilizotengenezwa ili malori ya chakula yafike zilibaki, zikapunguza gharama ya kupeleka mazao sokoni. Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 kwa ajili ya wakimbizi, nayo ilibaki.

Mkoani Kigoma jambo jingine linajitokeza, yaani sheria yenyewe. Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inamfunga mkimbizi kambini asipokuwa na kibali. Hata hivyo, kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa Wakongo na kupokea Warundi wengi tangu 2015, ilikuwa na soko la pamoja ambako wanavijiji wa Kasulu waliuza mihogo, mawese na dagaa. Mpango wa kuwapa wakimbizi fedha taslimu badala ya chakula ulisitishwa 2017, na baadaye masoko ya pamoja yakafungwa. Hasara ya muuza mawese aliyekosa wateja inatokana na uamuzi huo, na ni kosa kuiandika kwenye hesabu ya wakimbizi.

Warundi waliokimbia mwaka 1972 walipokewa kwa utaratibu tofauti. Serikali ya Mwalimu Nyerere iliwapeleka Ulyankulu, mkoani Tabora, na Katumba na Mishamo, ambazo leo ziko Katavi, kila familia ikapewa ardhi ya kulima. Kufikia 1985 walikuwa wakijitegemea, na shirika la wakimbizi likakabidhi makazi hayo kwa serikali. Mwaka 2014 watu wapatao 162,000 kati yao na watoto wao walipewa uraia wa Tanzania, na mahindi na tumbaku wanayolima yanaingia katika takwimu za mikoa hiyo kama mazao ya mkulima mwingine yeyote.