MAFURIKO YANAANZIA JUU YA PAA, SI BONDENI

(Mada niliyoitoa kwenye kongamano la vijana wa Chama, Dar es Salaam)



Nimepewa dakika kumi nizungumzie mazingira ya mjini, na mimi nitazungumzia paa. Najua wapo wanaocheka: tumekuja kujadili mabadiliko, huyu anatuletea habari za mabati. Nivumilieni kidogo.

Kila masika tunaambiwa maneno yaleyale: watu wa mabondeni ni wakaidi, wahame. Desemba 2011 mafuriko ya jiji hili yaliua watu zaidi ya 40, waathirika wakapelekwa Mabwepande. Desemba 2015 zikaja alama za X na matingatinga bonde la Msimbazi. Na bado mvua ikikaza, Barabara ya Morogoro inafungwa pale Jangwani. Nyumba ziliondoka, maji hayakuondoka. Sasa tujiulize, haya maji yanatoka wapi?

Hebu tupige hesabu, haihitaji digrii. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Chukua ghorofa pale Ubungo lenye paa la mita za mraba 500. Mvua ya milimita 50 ikinyesha, paa hilo linamwaga lita 25,000, yaani simtanki 25 za lita elfu moja, kutoka jengo moja! Na karibu yote yanakimbilia mtaroni papo hapo, kwa sababu zege halinywi maji. Zidisha kwa mapaa yote na lami yote ya huko juu. Maji hayo yanashuka Msimbazi, halafu anayelaumiwa ni mama wa Kigogo.

Wenzetu Ujerumani wamezoea kitu kinaitwa paa la kijani. Juu ya zege wanaweka tabaka la kuzuia maji yasipenye, tabaka la kuyapitisha, udongo mwepesi, kisha mimea midogo. Udongo wa sentimita 10 ukiwa mkavu unaweza kushika lita 20 hadi 40 kwa kila mita ya mraba. Yanayozidi yanatoka polepole, mtaro unapata nafasi ya kupumua. Jua likiwaka, maji yaliyobaki yanarudi hewani kupitia mimea na udongo, paa linakuwa tayari kwa mvua nyingine.

Makamanda, tusiuziane mbuzi kwenye gunia. Masika mvua inanyesha siku tatu mfululizo, udongo unashiba, na yanayofuata yanamwagika kama kawaida. Kwa hiyo paa la kijani peke yake halitoshi, liende pamoja na tanki la kukingia maji na mitaro isiyojaa taka. Halafu kuna uzito. Udongo huo ukiloa ni kilo 100 au zaidi kwa kila mita ya mraba. Bati la Vingunguti halibebi hiyo! Asije mtu akamwambia mkazi wa Vingunguti apande majani juu ya bati lake. Hili ni la wenye zege: maghorofa, maofisi ya serikali, hoteli, maduka makubwa.

Na hapa ndipo penye siasa. Mwaka 2009 jiji la Toronto, Kanada, lilipitisha sheria ndogo ya kuwataka wanaojenga majengo makubwa mapya waweke paa la kijani. Miji mingi ya Ujerumani inamtoza mwenye jengo kwa ukubwa wa eneo lake lisilonywa maji, na mwenye paa la kijani anapunguziwa. Maana yake, anayemwaga maji ndiye anayelipa. Kwetu anayemwaga halipi hata senti, anayemwagiwa ndiye anavunjiwa nyumba. Haki iko wapi hapo?

Halmashauri zetu zina mamlaka ya kutunga sheria ndogo chini ya Sura ya 288. Kwa hiyo tudai haya.

Kwanza, hakuna kibali cha ujenzi wa jengo kubwa mpaka mchoro uonyeshe maji ya paa yatashikwaje: kwa paa la kijani, tanki, au vyote.

Pili, serikali ianze na majengo yake yanayoweza kubeba uzito huo, ipime maji yanayotoka kabla na baada, na majibu yawekwe wazi kwa wananchi.

Tatu, kabla ya kumpigia mtu X bondeni, mamlaka itueleze imezuia lita ngapi huko juu. Na anayelazimika kuhama alipwe fidia ya kueleweka.

Mkirudi kwenye matawi, kila tawi lipite kwenye kata yake, lihesabu majengo yenye paa bapa la zege na kuandika maji yake yanamwagikia wapi. Orodha hiyo tumpelekee diwani, wa chama chochote, kabla ya masika, tumuulize mbele ya wananchi. Tukisubiri mvua ianze, tutabaki kugawa magodoro.

Mapambano yanaendelea.