Kajiado: Ploti Nafuu, Maji Ghali

Kaunti ya Kajiado ina sura mbili. Ukingo wake wa kaskazini, yaani Ongata Rongai, Ngong na Kitengela, umekuwa malazi ya wafanyakazi wa Nairobi. Kwingineko ni nyika ya mifugo hadi Namanga, mpakani na Tanzania. Sensa ya 2019 ilihesabu wakazi zaidi ya milioni 1.1.

Soko la nyumba limesimama juu ya ploti ya futi 50 kwa 100. Ranchi za vikundi, yaani ardhi ya pamoja ya wafugaji iliyosajiliwa chini ya sheria ya 1968, ziligawiwa wanachama, na wengi wakauza. Mnunuzi huanza na ua wa seng'enge, kisha tangi, kisha chumba kimoja. Nyumba huinuka kadiri mshahara unavyoruhusu. Lakini bei ya ploti hudanganya. Maji ya visima, hasa Kitengela, mara nyingi yana chumvi, hivyo familia hununua ya kunywa kwa mitungi na ya kufulia kutoka kwa maboza. Msongamano wa Barabara ya Magadi, ya kutoka Rongai kwenda Nairobi, nao humeza saa za asubuhi.

Uchumi wa ndani upo: ng'ombe, magadi yanayochimbwa tangu miaka ya 1910, na watalii wa Amboseli. Hautoshi kuwaajiri wahamiaji wote. Hasara isiyoandikwa kwenye hati ya ardhi ni ya mfugaji: kila ua mpya hupunguza malisho na kuziba njia ya nyumbu watokao Mbuga ya Nairobi. Mwaka 2000 ulianzishwa mradi wa kuwalipa wenye ardhi wasizungushie ua. Madalali hulipa zaidi.