Jirani wa Mahale: Kumkumbuka Profesa Toshisada Nishida



Nimeombwa niseme machache juu ya mtu wa elimu ambaye maisha yake yaligusa mwambao huu. Najua wengi mlitazamia nimtaje marehemu Jane Goodall, aliyefika Gombe mwaka 1960 na kufariki Oktoba 2025. Hifadhi yake inapoishia ndipo Mwamgongo inapoanzia, na habari zake hata watoto wa shule ya Jumapili wanazijua. Mimi nimemchagua jirani wa mbali kidogo, upande wa kusini wa Kigoma: Profesa Toshisada Nishida wa Mahale.

Nishida alizaliwa mwaka 1941 huko Chiba, Japani, akasoma Chuo Kikuu cha Kyoto chini ya mwalimu wake, Profesa Junichiro Itani. Mwaka 1965, akiwa kijana wa miaka 24, alifika Kasoge, chini ya milima ya Mahale, kwa njia ile ile tunayoijua sisi, yaani kwa maji. Wenyeji wa huko ni Watongwe. Aliketi nao, akajifunza kwao majina ya miti na majani, na mwaka 1981 yeye na mwenzake walichapisha orodha ya mimea kwa Kitongwe. Katika kitabu cha Mwanzo kazi ya kwanza ya elimu aliyopewa Adamu ilikuwa kuwapa wanyama majina. Nishida naye alianzia hapo. Aliwatambua sokwe mmoja mmoja kwa sura, akawapa majina.

Haikuwa rahisi. Sokwe walimkimbia. Akapanda miwa, na mwaka 1966 wakaanza kuja kula, ndipo akapata kuwatazama. Siku zile wataalamu walidhani sokwe ni mnyama wa kutangatanga, asiye na kwao, na kwamba kifungo cha kudumu ni cha mama na mtoto peke yake. Nishida aliandika mwaka 1968 kwamba sivyo: sokwe wana jamii yenye watu wake na mipaka yake, na jamii moja huiogopa nyingine. Baadaye ikadhihirika pia kwamba wana wa kiume hubaki walikozaliwa hadi kufa, bali binti akipevuka huondoka akazae ugenini. Wazee wetu wa Kiha wakiambiwa hayo hucheka, kwa maana hawaoni kilichohitaji kusafiri kutoka Japani ili kukigundua. Lakini jambo la kujulikana nyumbani kwa watu lilikuwa bado halijajulikana msituni, na lilimgharimu miaka.

Tena aliona kwamba desturi hutofautiana kama zinavyotofautiana kwetu toka kijiji hadi kijiji. Sokwe wa Gombe, jirani zetu, huvua mchwa kwa vijiti. Wale aliowafuata Mahale huchokoa chungu walio ndani ya miti, na wanapochambuana manyoya wawili huinua mikono na kushikana juu ya vichwa, jambo ambalo wa Gombe hawana desturi nalo.

Habari moja naipenda kuliko zote. Mwaka 1987 mtafiti kijana, Michael Huffman, alikuwa msituni pamoja na Mzee Mohamedi Seifu Kalunde, Mtongwe mwenye elimu ya dawa za asili. Walimwona sokwe jike, Chausiku, mgonjwa na mnyonge, akimenya tawi la mjonso na kutafuna ule uchungu wake. Kesho yake alikuwa na nguvu. Mzee Kalunde aliujua mjonso, maana Watongwe huutumia kwa maradhi ya tumbo. Taarifa ya jambo lile ilipochapishwa mwaka 1989, jina la Mzee Kalunde liliandikwa kuwa la mwandishi, pamoja na la Mmarekani yule. Wasomi wangapi wamekula elimu ya wazee wetu na kuwaita wabeba mizigo!

Sitawaficha upande wa pili. Katika miaka ya 1970, wakati wa operesheni ya vijiji, Watongwe waliondolewa katika milima ile. Mwaka 1985, baada ya juhudi za Nishida na wenzake, Mahale ikawa Hifadhi ya Taifa yenye kilomita za mraba 1,613. Msitu ulipona. Lakini makaburi ya mababu na mahali pao pa ibada chini ya Nkungwe palibaki ndani ya mipaka. Sisi tulio kati ya ziwa na mpaka wa Gombe hatuhitaji kuelezwa maana ya neno mpaka. Uamuzi wa vijiji ulikuwa wa serikali, wala haukuwa wake; hata hivyo, atakayemsifu Profesa bila kuwataja Watongwe atakuwa amesoma nusu ya kitabu.

Alistaafu Kyoto mwaka 2004. Mwaka 2006 mafua makali yaliwaua sokwe kadhaa wa Mahale, na tangu hapo umekaziwa utaratibu wa wageni kuvaa barakoa na kukaa mbali nao, kwa kuwa kikohozi chetu kwao ni kifo. Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Leakey pamoja na Jane Goodall. Akiwa mgonjwa wa saratani aliandika kitabu cha maisha yake ya utafiti, kuhusu sokwe wa ufuo wa ziwa hili. Alifariki tarehe 7 Juni 2011, akiwa na miaka 70. Kitabu kilitoka mwaka 2012.

Miezi michache kabla ya kifo chake, Januari 2011, watafiti wa Mahale waliona mtoto mchanga wa sokwe aitwaye Christina. Alikuwa mlemavu, hakuweza kuketi wala kushika vema manyoya ya mama yake. Kwa kawaida mtoto ndiye anayejishikilia mama anapotembea na kupanda miti. Christina alimshikilia kwa mkono wake mmoja, na kwa hiyo akala kwa shida, akaacha vyakula vinavyotaka mikono miwili. Hakuwaruhusu wasio wa nyumba yake kumchukua. Dada wa mtoto, Xanthip, ndiye aliyesaidia kumbeba. Waliendelea hivyo karibu miaka miwili, mpaka dada naye akapata mtoto wake wa kumbeba, na yule mdogo hakuonekana tena.